Picha ya Kupimia Mwanga

Mume wangu alipiga picha mtaa mzima, maharusi, wahitimu, watoto wachanga na wazee wa vitambulisho, lakini hakuacha hata picha moja tuliyokaa sisi wawili. Sikuwahi kulifikiria sana jambo hilo. Mwenye kamera yuko nyuma ya kamera, na mke wa mwenye kamera yuko chumba cha giza anakausha picha za watu. Nililifikiria siku binti yangu aliponyoosha kidole ukutani, pale unapoingia studio, akasema, "Hapa, mama. Wewe na baba. Mteja akiingia tu, awaone."

"Picha hiyo utaitoa wapi?"

"Si mnayo, hata moja?"

"Hatuna."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia hatukuwahi kuoana.

Studio ilifungwa baba yake alipofariki, yeye akiwa hajaanza hata shule. Mimi nilichukua stashahada yangu nikaenda kusimamia stoo ya hospitali, na chumba nikampangisha muuza magodoro. Sasa muuza magodoro kahama, binti kakua, kasomea mambo ya picha na kompyuta, na kachoka kusafisha picha za harusi ili wengine watie saini chini. Alitaka kuifungua studio ya baba yake kwa jina lile lile. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi, watu walishaalikwa, na ukutani msumari wa zamani ulikuwa bado upo, umepakwa rangi na kila aliyewahi kupaka rangi mle ndani.

Nilimwambia aweke kalenda. Lakini kila nilipopita na ndoo yangu ya rangi, macho yalikuwa yanakwenda kwenye ule msumari. Kwa mara ya kwanza tangu nimzike yule mtu nilitaka kitu ambacho hakipo, na mimi si mtu wa kutaka vitu visivyopo.

"Waunganishe," alisema wifi yangu.

Wifi ni dada wa marehemu, fundi cherehani, na hajawahi kukosa la kusema. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja akipinda mapazia mapya, cherehani ya mkono mbele yake juu ya kiti.

"Waunganishe vipi, shangazi?" binti akauliza.

"Wewe unaniuliza mimi? Juzi bwana harusi alitoka pichani amesinzia, ukamwekea macho ya picha nyingine. Kama umeweza kumwamsha mtu, huwezi kumkalisha kaka yangu karibu na mkewe?"

Binti akacheka. "Naweza. Nipeni picha yake na ya mama."

Ya baba yake ilikuwepo, ile ya kitambulisho, aliyojipiga mwenyewe. Amevaa koti la studio.

Hili koti lazima nilieleze. Lilikuwa jeusi, la mtu mnene. Wifi ndiye aliyelishona, na ndiye aliyelichana mgongoni kutoka kwenye kola hadi chini, ili limwenee kila mtu. Mteja mwembamba tulimkusanya nyuma kwa vibanio vya nguo. Mnene tulimwacha mgongo wazi, tukamwambia asigeuke. Mbele alikuwa bwana mkubwa, nyuma alikuwa kamba ya kuanikia. Fungua kabati lolote la mtaa huu utakuta walimu, madereva na wauza nyama wa miaka ile, kila mmoja kwenye picha yake, wote ndani ya koti lile lile. Sikusikia mtu akilalamika.

"Na ya kwako, mama?"

Nikakumbuka kopo.

Ukitia filamu mpya kwenye kamera, kipande cha mwanzo kinakuwa kimeshaonwa na mwanga. Lazima ukisogeze kabla ya kuanza kazi. Mafundi wengine walifyatua hewani tu. Mume wangu aliona huko ni kupoteza filamu, kwa hiyo aliniita. "Njoo unipimie mwanga!" Hata kama nilikuwa na mikono ya maji, nilikwenda, nikavaa koti, nikakaa kwenye stuli mbele ya lile pazia lililochorwa ngazi na maua. Alikuwa na kipima mwanga cha mkononi, kama saa kubwa, anakisogeza karibu na shavu langu, anasoma, anarekebisha taa. Kisha, "Kidevu chini. Tazama hapa. Usicheke, wewe ni mteja." Watu walimwita Tazamahapa, hadi mkwe wake, mama yangu mzazi.

Picha hiyo ya kupimia mwanga mara nyingi ilikuwa nusu. Upande mmoja mimi, upande mwingine weupe mtupu uliounguzwa na mwanga. Filamu ikishasafishwa, alikata kile kipande cha mwanzo kwa mkasi na kukitumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga. Hakuna hata kimoja tulichokichapa kwenye karatasi. Nani angetia karatasi nzima kwenye picha ya mke wake aliyevaa koti la wateja?

Kopo nililijua lilipo. Lilikuwa likizuia mlango wa chumba cha giza, na muuza magodoro naye aliendelea kulitumia kwa kazi hiyo hiyo.

Binti alipolifungua alirudisha kichwa nyuma. Harufu ilitoka kama ya siki. Paa la chumba kile linavuja, na unyevu ulikuwa umeingia hadi ndani ya kopo. Vipande vingi vilikuwa vimegandana kama peremende mfukoni. Alivibandua alivyoweza, akavilaza kimoja kimoja kwenye skana, nami nikavuta kiti.

Skana inapita na taa yake taratibu, na kwenye kompyuta unatokea uso wako kinyume, meno meusi, nywele nyeupe. Halafu anabonyeza mahali, na vinageuka. Nikawa mimi.

Mimi mwembamba kama ufito, vibanio vimenivuta koti mpaka kwapani. Mimi nimekunja uso, siku ambayo nadhani maharage yalikuwa yanaungua. Mimi nimefumba macho. Mimi tena, koti limegoma kufunga.

"Hapa umenenepa," binti akasema.

"Hapo ni wewe."

Akasogeza uso mpaka karibu na skrini. Akalitazama lile tumbo muda mrefu, kisha akalikuza, akalipunguza, akalikuza tena.

Sikuwa nimewahi kuziona. Miaka yote ile alikuwa akiniona mimi na kuzitia kwenye kopo, na mimi nikidhani tunapima taa.

Kipande kimoja kilitokea cha kucheka. Nimecheka hasa, kichwa kimerudi nyuma, jino la pembeni linaonekana. Upande wa kulia umeungua, hakuna kitu. Na kushoto, karibu na shavu langu, mkono. Shati limekunjwa hadi kiwiko, kipima mwanga kiganjani, kucha nyeusi kwa dawa za chumba cha giza, kidole kidogo kimepinda kwa sababu mlango wa gari ulikibana akiwa mtoto. Alikuwa na waya mrefu wa kufyatulia kamera kwenye mkono mwingine. Alifyatua kabla hajauondoa mkono huu. Hakuwa mtu wa kukosea hivyo, kwa hiyo sijui kama ni kosa.

Sikukumbuka nilichekea nini. Niliukumbuka ule mkono, jinsi ulivyokuwa wa baridi na ulivyonuka dawa hata siku za mapumziko.

"Mama? Hii vipi?"

"Hiyo nzuri," nilisema, nikainuka kwenda kumalizia rangi.

Mchana ule ule aliniita nije kuona alivyotuunganisha. Alikuwa amechagua picha nyingine yangu, ile ya kukunja uso, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzima. Wifi naye akaja na uzi mdomoni. Tulisimama watatu mbele ya kompyuta. Kazi ilikuwa safi, siwezi kusema uongo. Alikuwa amelinganisha vivuli, akaichakaza picha ya baba yake kidogo ili chengachenga zake zifanane na zangu, ukingo wa bega huuoni ulipoungwa. Baba yake huyu hapa, mimi huyu hapa, bega kwa bega.

Na wote wawili tumevaa koti moja.

Wifi ndiye aliyeanza. Alitema uzi, akashika ukuta. "Jamani! Kaka yangu na mkewe, wanakwaya!"

"Nitalibadilisha rangi la mama," binti akasema haraka. "Nilifanye la bluu."

"Hata ulifanye la dhahabu," wifi akamwambia, "mtaa mzima unalijua lile koti. Watauliza yalikuwa mawili tangu lini, na mbona siku zote tulikuwa tunapanga foleni."

Tulicheka mpaka machozi. Lakini nilipoacha kucheka niliitazama tena, na haikunikaa. Yule alikuwa anatazama kamera peke yake chumbani, na mimi nilikuwa nawaza maharage. Hatukuwa pamoja. Tulikuwa tumewekwa tu.

"Toa," nikamwambia binti. "Weka ile ninayocheka."

"Ile uko peke yako, mama."

"Nimesema ile. Isafishe, uichape, uitundike. Basi."

Kwa nini ile, sikueleza. Nina kasoro hiyo, nikishaelewa mimi naona wote wameelewa. Nikachukua ufagio.

Niliona pia kwamba naweza kusaidia. Vile vipande vya filamu vilivyokuwa vimeshapita kwenye skana vilikuwa vimejaa kuvu. Zamani mimi ndiye niliyekuwa nikiosha filamu, na mimi ndiye niliyekuwa nikigusa picha, nikiziba vidoa vyeupe kwa brashi ya nywele chache na kufuta chunusi za mabibi harusi kwa penseli kali kwenye negativu, ile filamu yenye picha kinyume. Kazi ile naijua. Basi nikatia maji kwenye beseni, nikayafanya vuguvugu kidogo maana uchafu ulikuwa sugu, nikavilowesha na kwenda kusugua sakafu. Niliporudi, maji yalikuwa ya kijivu, na vipande vilikuwa vyeupe kama mfuko wa plastiki. Kuvu lilikuwa limekwisha kuila ile ngozi inayobeba picha, na maji yakaivua. Niliviinua kwenye mwanga kimoja kimoja. Sikuwemo.

Nilijiambia si neno, viko kwenye kompyuta.

Ijumaa asubuhi binti alituita. Alikuwa amefunga kitenge kiunoni, macho mekundu, ila uso wote unacheka. "Fumbeni macho kwanza."

"Mimi nina mapazia," wifi akasema. "Fungua."

Akafungua.

Kwenye skrini alikuwepo mwanamke mzuri sana anacheka. Kuvu lote limeondoka. Ngozi laini. Ile sehemu iliyoungua haipo. Pazia la ngazi na maua limeendelezwa mpaka pembeni, kila ua mahali pake, kana kwamba filamu ile haikuwahi kuonja mwanga. Binti alikuwa akitueleza alivyofanya. Ana kifaa kinachochukua kipande kizima cha jirani na kukiweka juu ya kipande kibovu, hadi huoni mshono.

"Kumbe unatia viraka!" wifi akasema. "Ndiyo kazi yangu hiyo. Sasa mbona mimi vyangu vinaonekana?"

"Shangazi, vyako ni vya suruali."

"Wifi, umeona ulivyokuwa? Kaka yangu hakuwa mjinga."

Mimi nilikuwa natazama kushoto, karibu na shavu. Palikuwa na ngazi na ua moja.

"Mkono uko wapi?"

"Mkono gani, mama?"

"Uliokuwa hapa."

"Aa, ule!" akasema, bado anatabasamu. "Niliutoa. Ulikuwa unaingilia picha, jicho la mtazamaji linakwenda kwenye mkono badala ya kwenda kwako. Nilidhani ni wa msaidizi."

"Baba yako hakuwa na msaidizi. Msaidizi nilikuwa mimi, na mimi nimekaa kwenye stuli."

Wifi aliacha kuzungusha gurudumu la cherehani.

Binti aliutazama mkono wake mwenyewe uliokuwa juu ya kipanya. Alikuwa mdogo mno baba yake alipoondoka. Uso wake anaujua kwa ile picha ya kitambulisho, na kitambulisho hakionyeshi mikono. Angeujuaje?

"Ulikuwa wa baba?" akauliza, kwa sauti ya mtoto.

"Umehifadhi juu ya ile ya kwanza?"

"Mama, ngoja..."

"Nimekuuliza ndiyo au hapana. Kwa sababu filamu yenyewe haipo. Nimeiosha."

"Umeiosha?"

"Kwa maji ya vuguvugu. Imeondoka. Kama hapo nako umeifuta, basi hatuna."

 Nilikuwa nimekaa miaka yote hiyo bila picha yoyote, nikila, nikilala, nikilea. Sasa nilikuwa nayo tangu juzi tu, na tayari nilikuwa naiogopea. Nikakaa kwenye benchi, juu ya mapazia ya wifi. Wala hakunifukuza.

"Mama, njoo," binti akasema. "Njoo uone. Mimi sifuti kitu. Nafunika tu."

Pembeni mwa skrini, kulia, kulikuwa na vijisanduku vimepangwa kimoja juu ya kingine kama mashuka kabatini. Kila kimoja kina jicho dogo limechorwa ubavuni.

"Kila nilichofanya nimekifanya kwenye leya yake, tabaka lake lenyewe, juu ya picha. Hili la juu ni rangi na mwanga." Akabonyeza jicho, likatoweka, na picha ikafifia ikawa ya kijivu. "Hili ni ngozi." Akabonyeza. Mikunjo yangu midogo ya kando ya macho ikarudi. Nilikuwa nimeisahau, nikadhani imekuja uzeeni. "Hili, kuvu." Madoa yakarudi yote kwa pamoja, kama inzi. "Hili ni pazia nililoongezea." Upande wa kulia ukaungua tena, mweupe pe.

Kilibaki kijisanduku kimoja juu ya picha yenyewe. Hakukibonyeza. Alinishika mkono akauweka juu ya kipanya.

"Bonyeza wewe."

Nikabonyeza.

Kidole kilichopinda, kucha nyeusi, shati limekunjwa. Pale pale karibu na shavu, mahali pake.

 Kisha wifi akapenga kamasi kwa kitambaa cha pazia, pazia jipya la studio, na akasema, "Kile kidole nilikibana mimi. Kwenye mlango wa gari la mjomba. Alisema amejibana mwenyewe, hakuniponza."

"Shangazi!"

"Nilikuwa na miaka sita, utanifunga?"

Binti aliukuza ule mkono mpaka ukajaa skrini nzima. Akaweka kiganja chake pembeni, akavilinganisha vidole, cha kwake na cha kwenye picha, hadi kile kidogo. "Kucha zangu," akasema. "Mbona ni zangu hizi." Nikamwambia ndiyo, na miguu pia ni ya kwao, mimi nilichangia akili tu. Akacheka huku anajipangusa.

"Sasa niifanyeje, mama? Nikiichapa hivi hivi, nusu imeungua. Mtu anafungua studio kwa picha mbovu mlangoni? Watasema sijui kazi."

Swali lilikuwa la maana. Sikukurupuka kulijibu. Hata mimi nilifuta chunusi za watu kwa penseli, na walinishukuru.

"Zako nzuri utazitundika ukuta wa pili, waone unavyojua. Hii iache iungue. Mkono usiguse, na mikunjo yangu usiguse. Ila hilo doa hapo," nikanyoosha kidole, "niondolee."

"Lipi?"

"La puani. Siwezi kukaa mlangoni miaka yote na kuvu puani."

Akaongeza kijisanduku kipya, akachukua kiraka kidogo kutoka shavuni, akanitia puani. Huoni mshono.

Jumamosi asubuhi, kabla ya wageni, picha ilikuwa kwenye msumari wake. Fremu ilikaa upande kidogo na hakuna aliyeweza kuinyoosha, ukuta wenyewe umepinda. Wifi alikuwa akizozana na fimbo ya mapazia. Binti alikuwa ameshawasha taa zake, zile nyeupe zisizochoma, na anazunguka nazo huku anang'ata mdomo, baba yake mtupu.

"Mama, njoo mara moja. Kaa pale."

"Nina sambusa jikoni."

"Sekunde moja. Nipimie mwanga."

Nikafuta mikono, nikakaa. Koti lililiwa na nondo zamani, kwa hiyo nilikaa na aproni yangu. Alikuja akanisogeza bega, akanishusha kidevu kwa vidole viwili. Vilikuwa vya baridi.

"Tazama hapa. Usicheke."

Nilicheka, ndiyo. Kamera ikalia. Akaitazama nyuma ya kamera, akasema mwanga unatosha, na kidole kikaenda kwenye kile kitufe chenye alama ya pipa la taka.

"Unafanya nini?"

"Nafuta. Ya kupimia tu hii, mama, umetoka na aproni."

"Jaribu uone."

Aliishusha kamera. Tangu siku ile ana mahali kwenye kompyuta yake alipopaita Kopo, na kila asubuhi ninapopita studio huwa ananitia humo kabla mteja wa kwanza hajaingia. Mimi nusu, mimi nafumba macho, mimi na mfuko wa mchicha. Sizitazami. Nimemwambia ziko za kutosha, asinijaze. Mlango wa chumba cha giza sasa tunauzuia kwa tofali.